Siku ya Nne, Wayahudi: Uhakiki wa Ratiba za Safari za Uganda

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Ni nadra kugusa maandishi mafupi yanayopita mikononi mwa watu kila siku: tangazo, kipeperushi, maelezo ya ukutani. Katika insha hii nimechagua utanzu mmoja wa aina hiyo, nao ni ratiba ya safari. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba ratiba ina kila kitu tunachokitafuta katika masimulizi. Ina mhusika mkuu, yaani mgeni. Ina wakati uliogawanywa vizuri: siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Ina mandhari yanayobadilika, ina msimulizi anayejua yote na asiyejitaja, na ina kilele, ambacho kwa Uganda karibu kila mara ni sokwe wa Bwindi. Kwa hiyo inahakikika.

Nimesoma ratiba kadhaa zilizoandikwa kwa ajili ya wageni wanaopenda kuona makumbusho, hifadhi za wanyama na mahali pa urithi wa Kiyahudi katika safari moja. Mpangilio wake unafanana sana. Siku ya kwanza mgeni anashuka Entebbe na kusimuliwa habari za mateka wa mwaka 1976. Siku ya pili anazunguka Kampala na kuingia makumbusho. Siku ya tatu yuko Jinja, kwenye chanzo cha Nile. Siku ya nne anafika Mbale kuwaona Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi. Baada ya hapo ni wanyama mpaka siku ya kurudi kwao. Sitaitaja kampuni yoyote, kwa sababu kasoro ninazozijadili ni za utanzu mzima wala si za mwandishi mmoja.

Hoja yangu ni hii. Ratiba hizi zinayatenga makumbusho, hifadhi na urithi wa Kiyahudi kama vyumba vitatu visivyo na mlango kati yake. Utengano huo unayaficha mambo makubwa mawili. Kwanza, makumbusho ya Kampala yenyewe ni sehemu ya historia hiyo ya Kiyahudi inayotafutwa mbali. Pili, urithi wa Abayudaya ni urithi wa kusoma, na mtu aliyekuja kutazama tu hawezi kuuona.

Entebbe: mashujaa na wasiotajwa

Nianze pale ratiba inapoanzia. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ilitekwa nyara baada ya kupitia Athens, ikaishia Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli waliwaokoa mateka zaidi ya 100. Kamanda wao, Yonatan Netanyahu, aliuawa. Kisa hiki kina mvutano wa asili, na si ajabu kwamba kimetengenezewa filamu zaidi ya moja. Mgeni anaoneshwa jengo la zamani la uwanja wa ndege au kuelekezwa lilipo, kisha safari inaendelea.

Mhakiki anapaswa kuuliza: ni nani aliye nje ya fremu? Katika usiku ule waliuawa pia makumi ya askari wa Uganda, vijana wa watu, na majina yao sijayaona katika ratiba hata moja. Kwa kuwa Kenya iliruhusu ndege za Israeli kutua Nairobi, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kulipiza kisasi. Tena yupo Dora Bloch, mwanamke wa zaidi ya miaka 70, ambaye alikuwa miongoni mwa mateka lakini usiku wa uokoaji hakuwepo uwanjani. Alikuwa ameletwa Hospitali ya Mulago, hapa hapa Kampala. Baada ya makomando kuondoka alitolewa hospitalini akauawa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, Idi Amin alipokwisha kuanguka.

Mulago si mbali na Makumbusho ya Uganda. Mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka hapa mpaka pale. Hata hivyo, kati ya ratiba nilizosoma, zote za urithi wa Kiyahudi, hakuna inayoitaja Mulago. Sababu si vigumu kuikisia: Mulago haina ushujaa. Ni hospitali yenye foleni, na habari ya Bi. Bloch haina mwisho wa kupigiwa makofi. Hapo ndipo utanzu unapojifichua. Ratiba huchagua kumbukumbu yenye ushindi, na kumbukumbu yenye aibu huiacha kando ya barabara.

Makumbusho: nyumba ya wakimbizi wawili

Siku ya pili mgeni yuko Barabara ya Kira. Hapa ratiba huwa fupi mno: ngoma, mikuki, vibanda vya kienyeji uani, kisha chakula cha mchana. Neno lenyewe la Kiswahili lingetusaidia kusoma zaidi ya hapo. Makumbusho ni mahali pa kukumbushwa. Waganda wa mwanzoni mwa karne iliyopita waliyaita kwa jina jingine. Mkusanyiko ulipoanzishwa mwaka 1908 kwenye ngome ya Lugard, Old Kampala, ulijaa hirizi na vitu vya ibada, na watu wakauita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya mayembe, yaani vitu vyenye nguvu za mizimu. Majina hayo mawili yanabishana. Moja linasema vitu hivi vinatukumbusha, jingine linasema vitu hivi vina nguvu bado. Nadhani yote mawili yana ukweli.

Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1954, na lilibuniwa na Ernst May. Huyu alikuwa mkuu wa mipango miji wa Frankfurt katika miaka ya 1920, mtu aliyejengea wafanyakazi maelfu ya nyumba. Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti, na alipotaka kuondoka huko hakuweza kurudi kwao, kwa sababu Ujerumani ilikuwa imeingia mikononi mwa Wanazi. Akaja Afrika Mashariki, akalima shamba Tanganyika karibu na Arusha, kisha akarudia kazi yake ya usanifu akiwa Nairobi. Kampala ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji upande wa Kololo na Naguru, na baadaye jengo la makumbusho.

Katika miaka ambayo jengo hilo lilikuwa likijengwa, mkuu wa makumbusho alikuwa Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin mwenye asili ya Kiyahudi. Wanazi walimfungia njia ya masomo kwao, akamalizia shahada yake ya uzamivu Uswisi, akafika Uganda mwaka 1937. Aliyaongoza makumbusho kuanzia mwaka 1948 hadi 1957. Alizunguka nchi nzima akirekodi muziki, na kurekodi kwake kumekuwa hazina: sehemu kubwa imehifadhiwa London, na Makerere ina hifadhi ya sauti yenye jina lake. Jambo lililo kubwa zaidi kwangu ni uamuzi wake kuhusu vyombo vya muziki. Hakutaka vikae kimya nyuma ya kioo. Aliwaajiri wanamuziki wavipige mbele ya wageni, na mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, bingwa wa amadinda. Mtu aliyekatazwa na nchi yake kuendelea na masomo alikuja kuwasikiliza watu ambao ukoloni uliwahesabu kuwa hawana cha kusikilizwa.

Sisemi haya ili kuwageuza May na Wachsmann kuwa watakatifu. Mpango wa May kwa Kampala ulifuata utaratibu wa kikoloni wa kuwatenga watu kimakazi kwa rangi zao. Mtu aliyezuiwa kurudi kwao na utawala wa ubaguzi alichora ramani iliyompangia kila mmoja mlima wake kwa rangi. Huo ni mgongano ambao riwaya nzuri ingeushika kwa mikono miwili. Ratiba haiushiki kabisa, kwa kuwa imekwisha kuamua kwamba urithi wa Kiyahudi utakuja siku ya nne, huko Mbale, na siku ya pili ni ya mikuki tu.

Nasi wenyeji hatuna budi kujisaili. Mwaka 2011 ulipotangazwa mpango wa kulibomoa jengo hili ili pajengwe mnara wa ghorofa 60, wananchi walikwenda mahakamani kulitetea. Jengo bado limesimama. Lakini ni wangapi kati yetu tunaopita pale kwa boda boda tunaojua tunapita mbele ya nini?

Nchi iliyoahidiwa isiyokuwa Uganda

Kabla ya kufika Mbale ratiba nyingi hutia kionjo: kwamba Wayahudi walikaribia kupewa Uganda kuwa nchi yao. Habari hiyo ni ya kweli nusu. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl wazo la makazi ya Wayahudi Afrika Mashariki, na mkutano wa Wazayoni uliofanyika Basel mwaka huo ulitikisika kwa mabishano. Baada ya wajumbe kuja kuikagua nchi hiyo, mkutano wa mwaka 1905 ulilikataa wazo hilo. Ardhi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa Uasin Gishu, eneo la Eldoret ya leo. Ilikuwa imehamishwa kutoka himaya ya Uganda mwaka 1902 na kutiwa katika eneo lililokuja kuwa Kenya. Mpango wa Uganda haukuwa wa ardhi ya Uganda. Tena katika mabishano yote hayo sioni mahali ambapo Wanandi na Wamaasai waliulizwa. Ratiba inapoirudia habari hii kama kichekesho cha historia, inarudia pia kosa la Chamberlain: kuitazama nchi kana kwamba haina wenyewe.

Nabugoye: urithi wa kusoma

Sasa tufike siku ya nne. Kilima cha Nabugoye kiko nje kidogo ya mji wa Mbale. Kina sinagogi jipya lililofunguliwa mwaka 2016, shule, nyumba ya wageni na migomba na mibuni ya wakulima. Nimewahi kufika huko Ijumaa jioni. Zaburi ziliimbwa kwa Kiebrania na kwa Kiganda, na mtoto aliyekaa mbele yangu alikuwa akizifuata kwa kidole kitabuni, akibadilisha lugha bila kusita. Katika ratiba ziara hii hupewa saa chache, na maelezo yake hutegemea maneno matatu: waliojificha, waliosahauliwa, wa ajabu. Wamejificha kwa nani? Wamesahauliwa na nani? Jirani zao Waislamu na Wakristo hawajawahi kuwasahau. Mwaka 2004 wakulima wa dini hizo tatu walianzisha pamoja ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba maneno hayo yanaificha asili ya jumuiya. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda na kuuanzisha mji wa Mbale. Alitarajia ufalme, akapewa vyeo vya chini ya matarajio yake, akaachana nao kwa uchungu. Karibu mwaka 1913 alijiunga na Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kushika Sabato ya Jumamosi kwa sababu waliisoma hivyo katika Biblia. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa tohara ni jambo la Wayahudi, si la Wakristo, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi.

Hebu tumsome Kakungulu kama wanafunzi wa lugha. Hakukuwa na Myahudi aliyemhubiria. Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosef, alikuja mwaka 1920, mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa, akawafundisha kalenda na taratibu za chakula. Kilichomfikia Kakungulu kwanza kilikuwa kitabu: Biblia ya Kiganda iliyokamilika mwaka 1896, kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta. Wamisionari walitafsiri ili wapate Wakristo. Tafsiri ilipotoka mikononi mwao, msomaji aliisoma kwa akili yake na kufika mahali ambapo mtafsiri hakumtuma. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu chake mwenyewe cha sala na maagizo kwa Kiganda. Tunapofundishwa darasani kwamba maana haikai kwa mwandishi peke yake, mfano wetu uko Mbale, wala hatuna haja ya kuuagiza ng'ambo.

Kiganda chenyewe kinalisema jambo hili kwa neno moja. Okusoma ni kusoma, na pia ni kusali au kuhudhuria ibada. Wale wa kwanza waliozikubali dini mpya katika kasri ya Mutesa waliitwa abasomi, wasomaji, na baadhi yao walianzia kwenye maandishi ya Kiswahili kabla Kiganda hakijawa na kitabu. Kwa hiyo Abayudaya si kioja kilichoanguka kutoka mbinguni. Wamo katika historia ndefu ya usomaji wa nchi hii, na lugha yetu ya Kiswahili ilikuwapo mlangoni.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake walipungua, na chini ya Amin ibada yao ilipigwa marufuku. Baadhi walibadili dini, wengine walisali kwa siri mpaka mwaka 1979. Mwaka 2002 marabi kutoka nje waliwapokea rasmi mamia yao katika dini. Mwaka 2008 Gershom Sizomu alipata daraja ya urabi Los Angeles, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge. Wapo waliofuata njia ya Kiorthodoksi, hasa kijijini Putti, kwa hiyo hata ndani yao pana mijadala. Nayo serikali ya Israeli imesitasita kuwakubali wanaotaka kuhamia huko.

Hapa pana jambo zito. Kila ratiba inayomleta mgeni na swali la kama hawa ni Wayahudi kweli inamkabidhi kiti cha hakimu. Mgeni wa saa tatu anakuwa mthibitishaji wa imani ya miaka mia moja, na mwenyeji anajikuta akitoa ushahidi nyumbani kwake kila wiki. Nani kati yetu angestahimili kuthibitisha dini yake mbele ya kamera kila wiki?

Hifadhi na watu

Baada ya Mbale mgeni hupelekwa kwenye Mlima Elgon, au huvushwa moja kwa moja hadi Murchison. Ratiba huyaona haya kuwa mapumziko baada ya historia. Lakini Mlima Elgon, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, una historia ya Wabenet walioondolewa katika ardhi yao ya mlimani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliwatambua kuwa wakazi wa asili wa sehemu hizo, na malalamiko hayakuisha.

Tukiweka hifadhi na Nabugoye bega kwa bega, tunaona mbinu mbili za maandishi yale yale. Katika hifadhi, watu huondolewa ili mandhari yaonekane. Katika ziara ya urithi, watu hubakizwa lakini hugeuzwa mandhari. Mhusika ni mmoja tu katika ratiba nzima, naye ni mgeni. Yeye ndiye anayegundua, anayeguswa na anayebadilika. Wenyeji wamesimama nyuma yake kama milima.

Mgeni na jembe

Upo upinzani wa haki dhidi ya hoja yangu. Mtu atasema: wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wamechangia shule, zahanati na sinagogi la Nabugoye. Abayudaya wenyewe wanawakaribisha, wana nyumba ya wageni, na si watu wa kuonewa huruma. Wameutumia ugeni kwa akili ili kujenga uhusiano na ulimwengu wa Kiyahudi. Nakubali yote hayo. Ninachokipinga ni maandishi yanayomwandaa mgeni vibaya kabla hajapanda basi. Kwani wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ratiba haimpi jembe hata siku ya kumi. Humwacha mtazamaji mpaka anapopanda ndege.

Jembe ninalolifikiria ni dogo. Mgeni apewe kusoma kabla ya kutazama: habari za Kakungulu na Biblia ya Kiganda, kabla ya picha za watoto wenye kofia za Kiyahudi. Siku ya pili na siku ya nne ziunganishwe, ili anayesikiliza zaburi za Nabugoye awe amekwisha kusikia habari za Wachsmann. Mulago itajwe, hata kwa sentensi moja. Na swali la nani ni Myahudi wa kweli waachiwe wanaoishi nalo.

Lakini ratiba haziandikwi kwa ajili ya wageni wa mbali peke yao, ingawa zinajifanya hivyo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima shuleni. Watoto hao watapelekwa ziara za masomo: makumbusho, Jinja, pengine Mbale. Watahitaji maelezo ya Kiswahili, na mtu atayaandika. Akiketi mtu wa kutafsiri ratiba zilizopo neno kwa neno, tutakuwa tumejigeuza wageni nchini mwetu, tunawaita majirani zetu waliojificha na waliosahauliwa. Nauli ya kwenda Mbale ni ya kuchangiana, na makumbusho yako Barabara ya Kira. Kazi hiyo ni yetu sisi tunaosoma lugha hii, na inaweza kuanza muhula huu.